Ukuta wa Keremkerem

Wapendanao hutazamana. Hiyo ndiyo starehe yao ya kwanza, na haimgharimu mtu kitu. Lakini wawili hawa, kazi yao iliwakataza hata hiyo.

Kila mwaka, Jumamosi moja baada ya mvua kubwa kukatika, vijana wa kikundi walishuka kinamasini, pembezoni mwa mji, kuhesabu ndege. Walihesabu wawiliwawili. Mmoja anatazama na kutaja kwa sauti, mwenzake anaandika. Na anayeandika hainui macho kutoka kwenye daftari mpaka aambiwe "basi", kwa sababu wakitazama wote wawili, ndege mmoja ataandikwa mara mbili na mwingine atapita hivihivi.

Aliyekuwa akiandika ni msichana wa duka la kunakili karatasi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mashine zake zote, na kikundini walimwita Kalamu. Aliyekuwa akitazama ni fundi baiskeli, na yeye walimwita Darubini kwa ile darubini aliyoitundika shingoni, kuukuu, kioo cha jicho la kushoto kimepasuka. Aliiokota vipande vipande na kuiunganisha mwenyewe kwa skrubu za baiskeli. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi, ingawa ukimwambia hivyo hujishughulisha na kufuta mikono kwenye suruali.

Asubuhi ile jua lilikuwa halijapanda juu ya matete, na tayari vijana walikuwa wamejaa ukingoni kama watu waliokuja harusini. Mwaka wa kwanza walikuja saba, na wawili kati yao walikuwa wamepotea njia. Leo walikuwa sitini na wawili. Kulikuwa na washonaji, wanafunzi, wauza mikate, na muuguzi mmoja aliyetoka zamu hospitalini akakataa kwenda kulala kwanza. Wengi walianza kwa kuzibua mitaro ya soko kila Jumamosi. Walichekwa, wakazoea kuchekwa, mpaka waliokuwa wakicheka wakaanza kuja na majembe yao wenyewe. Kinyozi wa kikundi, ambaye wote walimwita Redio kwa kuwa hakuwahi kuzimika, alipita akigawa penseli na kutangaza kwamba atakayehesabu bata wa kufugwa atamnyoa upara bure.

Kalamu alicheka na wengine. Kicheko kilikuwa cha kweli, ila chini yake kulikuwa na jiwe.

Jana jioni baba yake alikuwa amesema, bila kuinua sauti, kwamba Jumatatu Kalamu atasafiri kwenda kwa shangazi yake, mji wa mbali, akamsaidie dukani. Kalamu aliuliza ni kwa muda gani. Baba akasema mpaka shangazi atakapomchoka. Mama alikuwa akikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Kalamu alijua kabisa kwamba hapakuwa na habari ya duka pale. Jirani alikuwa ameleta maneno kwamba amemwona binti kapanda nyuma ya baiskeli ya yule fundi, ametulia kama bibi harusi ndani ya gari la kukodi. Hilo lilikuwa jipya. La zamani lilikuwa zito zaidi.

Baba yake alikuwa mfyatua matofali. Mji mzima walimwita Mzee Tofali, na nusu ya nyumba za mji huo zilisimama kwa mikono yake. Miaka ishirini na miwili alichimba udongo katika kona moja ya kinamasi, akaacha shimo kubwa lenye ukuta mmoja ulionyooka, mrefu kama mtu aliyembeba mtoto begani. Mwaka jana, miezi michache baada ya kuhesabu ndege, watoto wakawa wanaogelea katika maji ya shimo hilo, mmoja akaponea chupuchupu kuzama. Kikundi kikaamua kulifukia. Darubini alikwenda ofisi ya mtaa, akarudi na barua yenye muhuri, na Jumamosi tatu mfululizo vijana walijaza shimo, wakaubomoa ukuta na kuulaza ukawa mteremko mwororo, wakapanda nyasi. Picha zikapigwa. Mzee Tofali aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akasema, "Sawa." Akahamisha kalibu zake za kufyatulia upande wa pili.

Kuna "sawa" inayouma kuliko tusi. Tangu siku hiyo hakulitaja jina la fundi baiskeli hata kwa kumsema vibaya.

Basi Kalamu alikuwa na habari ya Jumatatu kifuani na hajamwambia mtu. Alipanga kumwambia Darubini kazi ikiisha, asije akamtia ukungu machoni siku aliyoisubiri mwaka mzima.

"Korongo, watatu," alisema Darubini.

Akaandika.

"Yangeyange, kumi na tisa. Ngoja. Ishirini. Mmoja alijificha nyuma ya mwenzake, kama Redio siku ya zamu."

"Nimesikia," ilijibu sauti ya Redio kutoka kwenye matete.

Kalamu alitabasamu kwenye karatasi. Miaka mitatu alikuwa akiandika anachokitaja kijana huyu, na katika miaka hiyo alimjua kwa sikio kuliko wengine wanavyomjua kwa macho. Alijua kwamba akiona ndege adimu humeza mate kwanza, na akiona mama mwenye vifaranga sauti hushuka, kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Alijua pia kile kibao cha mbao alichomletea cha kuwekea daftari, kilichopigwa msasa pande zote ili kisimchome. Lakini jambo moja aliligundua asubuhi ile tu. Kivuli hakikuondoka kwenye ukurasa wake. Jua lilisogea, na kivuli kikasogea. Miaka mitatu Darubini alikuwa akisimama upande wa jua makusudi, uso wake ukiungua, ili yeye aandike kwenye kivuli, wala hakuwahi kusema.

Akakosea kuandika "mdiria", ikabidi afute.

Wakafika kona ya keremkerem. Hiyo ndiyo kona iliyopendwa na wote. Keremkerem ni ndege wadogo, kijani mgongoni, wekundu kooni kama watoto waliojimwagia sharubati, na hudaka nyuki hewani kwa mbwembwe za mcheza mpira. Mwaka jana walihesabiwa mia moja arobaini na sita. Kalamu aligeuza ukurasa mpya, akaupa nafasi ya kutosha, akashika penseli tayari.

Kimya.

Alisubiri. Akasikia mdomo wa ndege ukigonga mti mahali fulani. Akasikia Darubini akifuta kioo cha darubini kwa shati, akitazama tena, akifuta tena.

"Keremkerem," alisema mwishowe. "Wanne."

Kalamu aliinua macho. Sheria ikavunjika hapo hapo, na Darubini hakumkemea, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameishusha darubini na anatazama kwa macho matupu. Mbele yao ulikuwepo mteremko walioutengeneza wao wenyewe. Nyasi zilishika vizuri, kijani kibichi, zinapendeza kama zulia. Juu yake ndege wanne walikuwa wakiruka huku na huku. Wanafika mahali, wanapiga mbawa wakiwa wamesimama hewani kama mtu anayegonga mlango, kisha wanageuka.

"Yale mashimo," alisema Kalamu.

"Nayafikiria hayohayo."

Siku ile ya kuubomoa ukuta waliukuta umejaa vitundu, mamia, vya ukubwa wa ngumi ya mtoto. Wote walisema ni vya panya. Walivishindilia udongo mbichi kwa furaha, kimoja kimoja, Redio akihesabu kwa sauti na wengine wakimpigia makofi. Ndege walikuwa wamesafiri wakati huo, kwa hiyo hakuna kilichofia ndani. Sasa walikuwa wamerudi, na nyumba hazipo. Wanne tu ndio waliobaki kuzitafuta.

Redio alifika, akaambiwa, akapata cha kusema papo hapo. Hakikuwa kizuri. Alimshauri Kalamu aandike mia na arobaini. Wiki ijayo Darubini anasoma hesabu mbele ya mkutano wa mtaa, watu wazima wote wamekaa, na wale waliokuwa wakiwaita wahuni watasikia kwamba vijana wamefukuza ndege kwa majembe yao wenyewe. Miaka yote ya mitaro itakwenda na maji.

"Andika tu, dada. Ndege hawana mdomo wa kukukanusha."

"Wanao, tena mrefu kuliko wako," alisema Kalamu. Akaandika nne, akaizungushia duara, akamtazama Darubini.

Alimkuta anamtazama. Aliwahi kuona macho yale yakiwa yamechoka, yakiwa na furaha, yakiwa na vumbi la baiskeli. Hajawahi kuyaona yakiwa na haya. Mteremko ule ndio aliousifia katika shule tatu. Lakini ndani ya ile haya kulikuwa na kitu kingine kinachowaka, na Kalamu alikitambua. Ni ile ari ya siku walipozibua mtaro wa kwanza.

"Nne nitaisoma," alisema Darubini. "Lakini kusoma hakumjengei ndege nyumba. Wanataka ukuta, na wanautaka sasa. Wiki moja, wiki mbili, wakikosa wataondoka na hawatarudi."

"Tuko sitini," Redio alisema, tayari anakunja mikono ya shati. "Tuchimbe."

"Tutachimba utuangukie. Ukuta wa udongo wa kinamasi unataka mtu anayeujua."

Hakuna aliyemtaja mtu huyo. Wote watatu waligeuza shingo kuelekea upande wa pili wa kinamasi, moshi wa tanuri ulipokuwa ukipanda, na kwa mara ya kwanza tangu aundwe, Redio akazimika.

*

Walikwenda wawili. Njia ilipita juu ya mbao zilizotandazwa kwenye tope, nyembamba, mmoja mbele mmoja nyuma. Katikati ya njia Kalamu alisimama, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mbele, Darubini naye ikabidi asimame.

"Kuna jambo sijakwambia," alisema. "Jumatatu nasafirishwa. Kwa shangazi."

"Kurudi lini?"

"Hakuna kurudi kulikotajwa."

Ubao ulilia chini yao.

"Kwa sababu yangu," alisema Darubini.

"Kwa sababu yako na baiskeli yako na barua yako."

"Wewe unataka kwenda?"

"Hapana."

"Umemwambia?"

"Hajaniuliza."

Darubini akasema kitu ambacho Kalamu alikikasirikia hapo hapo, na baadaye alikipenda maisha yake yote. Alisema leo hatamwomba baba yake Kalamu lolote juu yao wawili. Akienda kwa ajili ya ndege halafu achomekee na binti, mzee atajua ndege walikuwa kisingizio, na atakuwa na haki.

"Siwezi kuwafanya keremkerem washenga wangu."

"Kwa hiyo niende zangu?"

"Sijasema hivyo." Sauti yake ilishuka, ile ya mama na vifaranga. "Nimesema nikimdanganya baba yako leo, hata akinipa wewe nitakuwa nimekuiba. Nami sitaki kukuiba. Nataka nije mchana, kwa mlango wa mbele, na watu wangu."

Kalamu aligeuka akaendelea kutembea, kwa sababu machozi na kicheko vilikuja pamoja na ubao ulikuwa mwembamba.

Mzee Tofali alikuwa ameinama kwenye kalibu, anafyatua. Aliwaona tangu walipokuwa mbali. Alimaliza tofali lile, akafyatua jingine, na jingine, na wao wakasubiri wakiwa wamesimama juani. Hatimaye akanyanyuka, mkono kiunoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Darubini.

"Marahaba. Umeleta barua?"

"Leo sina barua. Nimekuja kukwambia tulikosea."

Akaeleza. Hakujitetea wala hakutia chumvi. Alisema waliona mashimo wakadhani ni ya panya, wakayaziba. Alisema yeye ndiye aliyeamrisha, wengine walimfuata. Mzee alisikiliza huku anakwangua udongo kwenye kucha.

"Nilijua," alisema alipomaliza kusikia. "Mimi kila mwaka nilikuwa nachimbia upande wa kusini. Ule wa kaskazini niliunyoosha tu nikawaachia. Wanatoboa wenyewe, dume na jike, kwa zamu. Hata mama yako hajui," alimwambia binti yake. "Angenicheka. Mtu mzima nakula mkate wangu natazama ndege."

"Mbona hukutuambia, baba?"

"Nani aliniuliza?"

Alilisema taratibu, wala hakuwa na hasira tena, na hapo ndipo liliwachoma. Sitini na wawili walijua kuandika barua, walijua kupigiwa muhuri, walijua kuzibua mtaro wa soko zima. Kumwuliza mtu aliyekaa ndani ya shimo lile miaka ishirini na miwili kwamba humu mna nini, hilo hawakulijua.

Darubini aliinama. "Nakuuliza sasa, mzee. Nimechelewa, lakini nakuuliza. Tufanyeje?"

Mzee Tofali alimgeukia binti yake akauliza wamehesabiwa wangapi mwaka huu. Kalamu akafungua daftari, akampa. Mzee aliisogeza mbali kidogo na macho, kama wafanyavyo wazee, akaitazama ile nne iliyozungushiwa duara.

"Kwenye mkutano watawacheka."

"Watatucheka," alikubali Kalamu.

"Ungeweza kuandika zaidi."

"Nilishauriwa hivyo."

"Na huyu?" Hakulitaja jina, lakini kidevu kilimwelekea.

"Yeye ndiye aliyeona wanne, baba. Akasema wanne."

Mzee alirudisha daftari. Akaenda kwenye kibanda chake, akatoka na sululu, beleshi lenye makali yaliyonolewa, vigingi vya mbao, na timazi ya kupimia kama ukuta umenyooka, uzi wake umeviringwa vizuri kwenye kijiti. Akamtupia Darubini sululu. Darubini aliidaka kwa tumbo.

"Tanuri linahitaji mtu," alisema Kalamu, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kuona baba yake akiliacha tanuri linawaka.

"Litajiwakia," alisema mzee, na tayari alikuwa ameshika njia ya mbao.

*

Ukitaka kujua kazi ya siku ile, muulize yeyote kati ya wale sitini na wawili, atakusimulia mpaka chai ipoe. Mzee Tofali alifika mbele ya umati wa vijana ambao hakuwahi kusema nao, akakagua kilima kimoja kilicho nyuma ya mteremko, kikavu, mbali na mahali watoto wanapochezea, akachomeka vigingi viwili, akafunga uzi. Akawagawa. Wa kukata, wa kubeba, wa kusimama wanyamaze. Redio akapangwa kwenye kusimama, watu wakacheka, kisha mzee akamhurumia na kumpa toroli.

Akawafundisha kwamba ukuta haupigwi, unakatwa kama mkate, kutoka juu kushuka chini, kidogo kidogo. Ukiupiga utaanguka na wewe ndani yake. Udongo uliokatwa hautupwi, ni udongo mzuri wa tofali, basi mstari mrefu wa vijana ukatandaa juu ya zile mbao, toroli, ndoo, karai, hata beseni la muuguzi la kufulia, wakiupeleka kwenye tanuri. Mtu mmoja alianzisha wimbo na wote wakaitikia. Watu wa mitaa ya jirani walisikia kelele, wakaja kuona nani anapigana. Walipokuta ni kazi, wengine walivua viatu.

Darubini aliwekwa mahali pagumu, usoni mwa ukuta, bega kwa bega na mzee. Alikata, mzee akateremsha timazi. Uzi ukaonyesha tumbo.

"Rudia."

Akarudia. Timazi.

"Rudia."

Kalamu alikuwa amepewa kazi ya kushika mwisho wa uzi, kwa hiyo aliona yote. Aliona jasho likimwingia Darubini machoni na hakulifuta, asije akapoteza mstari. Aliona mara ya tatu baba yake akikaribia kusema "rudia", akanyamaza, akamshika kijana kiwiko na kukishusha inchi mbili, akakishikilia hapo mpaka mkono ukaelewa. Hivyo ndivyo alivyomfundisha yeye kuandika jina lake, zamani, kwa mkaa juu ya tofali bichi.

Mchana mama alifika kwa mwendo wa kukimbia, dumu la maji kichwani, anauliza nani amefariki. Aliliona tanuri linawaka peke yake akajua kuna maiti. Aliambiwa hakuna maiti, kuna ndege. Akamtazama mume wake aliyejaa udongo hadi nyusini, anabishana na kinyozi juu ya toroli, na akamwuliza Kalamu kwa sauti ya chini ni lini mara ya mwisho alimwona baba yake akibishana kwa furaha. Kalamu hakukumbuka. Mama naye hakukumbuka. Akatua dumu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema yeye haondoki, hata akose kupika.

Jua lilipoanza kulegea, ukuta ulikuwa umesimama. Mrefu, laini, mwekundu, umenyooka kama neno la mtu mwaminifu. Mzee Tofali aliteremsha timazi mwanzo hadi mwisho, hatua kwa hatua, na vijana wote wakashika pumzi. Uzi haukugusa popote. Alianza kuuviringa kwenye kijiti, na hapo wakajua wamefaulu, wakalipuka kwa shangwe hata yangeyange wote ishirini wakaruka kwa pamoja.

Kisha muuguzi akasema, "Tazameni."

Ndege mmoja wa kijani alikuwa ametua juu ya kigingi. Aliinamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Akaruka, akaning'inia kwenye ukuta kwa kucha, akaugonga mara moja, mara mbili. Kipande kidogo cha udongo kikadondoka. Halafu akaondoka zake.

Redio alinong'ona kwa huzuni kwamba ameukataa.

"Hajaukataa," alisema mzee. "Ni mbichi. Atauacha ukauke, siku nne, siku tano, ndio aanze kutoboa. Hawana pupa wale. Wanaonja, wanajua ni mzuri, wanasubiri."

Aliposema hivyo alikuwa anamtazama Darubini. Darubini alikuwa ameficha mikono nyuma.

"Lete mikono."

"Iko sawa, mzee."

"Sawa nazijua mimi. Lete."

Akaitoa. Viganja vilikuwa malengelenge matupu, mengine yamepasuka, damu imechanganyika na udongo. Kalamu alitaka kusogea, lakini mama alimshika nguo kwa nyuma, akamvuta akae. Mzee Tofali, mtu ambaye nyumbani kwake maji humiminiwa yeye, aliinama, akalinyanyua dumu, akafungua kifuniko. Akaanza kumimina juu ya mikono ile, polepole, akiizungusha kwa kidole chake kigumu ili udongo utoke bila kuchubua.

"Mpigie shangazi yako," alisema. Hakugeuka, lakini kila mtu alijua anasema na nani. "Mwambie dukani atafute mtu mwingine."

Kalamu alihisi mkono wa mama ukiilegeza nguo yake. "Nimwambie kwa nini, baba?"

"Mwambie..." Maji yaliendelea kutiririka. "Uliza kwanza mwenyewe. Wewe unataka kwenda?"

"Hapana."

"Basi mwambie hutaki. Yeye si mtoto, ataelewa." Akageuza kiganja cha pili. "Na wewe, fundi. Una mjomba?"

Darubini alimeza mate. Kalamu alimsikia kutoka pale alipokaa.

"Ninaye, mzee."

"Anaijua nyumba yangu?"

"Ataijua."

"Aje ukuta ukishakauka. Si kabla. Na wewe usije naye, ubaki huko uponye hivi vidonda. Mtu haleti posa akiwa hawezi hata kushika kikombe."

Redio alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatetemeka. Darubini alibaki amenyoosha mikono yake iliyopasuka kama mtoto, na mzee akaendelea kumimina mpaka damu ikakoma, mpaka udongo wote ukatoka, mpaka dumu likakoroma likaisha.

"Hayo yalikuwa maji ya kunywa," alisema mama.

Lakini alilisema kwa upole, na tayari alikuwa amesimama. Akalichukua dumu tupu kutoka mkononi mwa mume wake, akalipiga vumbi, akaenda kuteka mengine.